Pipa Likijaa, Nani Ataitika?

Vijana wetu waliosoma ufundi wa elektroniki wanaweza leo kutengeneza kwa mikono yao, na kwa vipande vinavyouzwa madukani Kariakoo, chombo kidogo kinachotumia betri, ambacho hufungwa chini ya kifuniko cha pipa la taka na kueleza pipa hilo limejaa kiasi gani. Chombo cha namna hiyo huitwa kihisio. Katika miji kadhaa ya ng'ambo vihisio vya mapipa vimekwisha kuzoeleka, na si ajabu wakatokea watu wa kutaka viletwe katika halmashauri zetu, tena si katika majaa ya umma tu, bali katika pipa la kila nyumba.

Sisi hatulipingi wazo hilo. Elimu ya vijana haina budi kutumika kwa haja za nchi, na usafi ni haja kubwa. Lakini kabla shilingi moja ya wananchi haijatolewa, viongozi wetu wanapaswa kujibu maswali mawili. Chombo hicho kiwekwe wapi? Na kikisha kutoa habari, nani ataitika? Maoni yetu ni kwamba mahali pake pa kwanza si nyumbani kwa mwananchi, bali ni pale taka za nyumba nyingi zinapokutana. Na kwamba kisinunuliwe hata kimoja mpaka awepo mtumishi anayejulikana kwa cheo chake, mwenye wajibu wa kuitika, na mwenye gari la kuitikia.

Tumechagua kulitazama jambo hili kutoka Kibondo na Kasulu, katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma. Msomaji wa Unguja au Pemba ana haki ya kuuliza kwa nini tumemchukua safari ndefu kiasi hicho. Jibu ni kwamba huko uamuzi bado ni mbichi. Miji hiyo imo katika kipindi cha kutoka kwenye shimo la taka nyuma ya nyumba kuingia kwenye pipa na gari la halmashauri. Sisi wa visiwani tulikwisha kupita njia hiyo, na tunajua ilitugharimu nini. Mwenye uzoefu hana budi kusema. Naye anayeanza upya huweza kumfundisha hata aliyetangulia.

Kwanza tueleze chombo chenyewe, ili pasiwe na mtu wa kututisha kwa maneno makubwa. Kihisio cha pipa hufanya kazi kwa mfano wa mwangwi. Hutoa mlio mkali mno ambao sikio la binadamu halisikii, kisha hungoja mlio huo ugonge taka na kurudi. Sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde katika hewa yenye joto la nyuzi 20. Pipa la kawaida la lita 200 lina kina cha sentimita 88 hivi; kwa hiyo likiwa tupu mwangwi hurudi baada ya sehemu tano hivi za elfu ya sekunde. Taka zikipanda, muda huo hupungua, na kompyuta ndogo isiyozidi ukucha wa kidole hupiga hesabu na kujua zimefika wapi. Zikifika alama iliyowekwa, tuseme robo tatu ya pipa, kipande kingine chenye laini ya simu hutuma ujumbe mfupi kwa mtu aliyeandikwa.

Hakuna uchawi ndani yake. Vipande vyenyewe vyapatikana madukani, na kijana aliyefundishwa vizuri anaweza kuviunganisha mwenyewe. Kazi ngumu ni betri. Hesabu yake ni nyepesi, na yafaa viongozi waijue, kwa kuwa itawakinga na wauzaji wenye maneno matamu.

Chukua betri moja ya lithiamu, kama zile zinazotiwa katika tochi za kuchaji, yenye uwezo wa miliampea-saa 2,000. Kihisio kilichosanifiwa vizuri hulala karibu saa zote, na kikiwa usingizini hakili hata nusu ya miliampea-saa kwa siku. Kikiamka kila saa kwa sekunde mbili kupima, matumizi ya kupima ni robo hivi ya miliampea-saa kwa siku. Kikiwasha simu dakika moja tu kwa siku ili kutuma ujumbe, huongeza kama miliampea-saa moja na sehemu saba za kumi. Jumla yake haifiki mbili na nusu kwa siku, na betri hiyo, kwa hesabu ya karatasi, itadumu zaidi ya siku 800. Tuikate hesabu hiyo nusu kwa sababu ya joto, uchakavu na mtandao hafifu, bado tunabaki na zaidi ya mwaka mmoja.

Lakini fundi asiye makini akiiacha simu hiyo wazi mchana na usiku, ikila miliampea 20 kwa kila saa, betri ile ile itakwisha baada ya siku nne hivi. Betri haiuawi na kazi. Huuawa na kukesha. Na betri za kawaida za tochi, zile kavu zinazouzwa katika kila duka la kijijini, zinaweza kutosha kwa kupima, lakini simu inapotuma ujumbe huhitaji kwa kitambo kidogo mkondo unaoweza kufika ampea mbili, nazo hulegea. Basi halmashauri ikiletewa chombo, swali lake la kwanza kwa fundi lisiwe rangi ya boksi wala uzuri wa picha kwenye kioo cha kompyuta. Liwe hili: kinalala kwa kiasi gani, na huamka mara ngapi?

Sasa twende Kasulu. Nyanda hizi zimeinuka zaidi ya mita elfu moja juu ya usawa wa bahari. Mvua huanza mwezi wa Oktoba au Novemba na kuendelea hadi karibu na Mei. Udongo ni mwekundu, vilima ni vingi, na migomba imezizunguka nyumba. Taka za jikoni kwa Muha mkulima hazijawahi kuwa tatizo la serikali. Maganda ya ndizi na ya mihogo, majani ya maharage na majivu hurudi mgombani au huingia shimoni, na baada ya msimu shimo hufukiwa na jingine kuchimbwa. Huo ni utaratibu wenye akili, nao umedumu kwa sababu ardhi ilikuwapo na taka zilikuwa za kuoza.

Mambo yote mawili yanabadilika. Kasulu sasa ina halmashauri ya mji. Mwaka 2012 wilaya mpya za Buhigwe na Kakonko zilimegwa, moja kutoka Kasulu na nyingine kutoka Kibondo, na shughuli za utawala zikaongezeka. Mwaka 2015 makumi ya maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi waliingia mkoani, na kambi ya Nduta wilayani Kibondo ikafunguliwa tena, huku ile ya Nyarugusu wilayani Kasulu, iliyoanza mwaka 1996, ikifurika. Umeme wa gridi ya taifa ulifika Kasulu na Kibondo mwaka 2022, baada ya miaka mingi ya kutegemea majenereta ya mafuta. Barabara ya lami kutoka Kabingo kupitia Kibondo na Kasulu hadi Manyovu ni ya urefu wa kilomita 260. Umeme na barabara huleta biashara. Biashara huleta chupa, makopo, nailoni na nepi za watoto. Vitu hivyo havirudi mgombani.

Viwanja navyo vinapungua. Baba aliyekuwa na nafasi ya kuchimba mashimo matatu leo amewagawia wanawe, na mwanawe amejenga vyumba vya kupangisha. Mpangaji hana mgomba. Taka zake humwagwa mtaroni usiku, na mvua ya Novemba huzizoa hadi bondeni, zikaingia katika vijito vinavyotelemka kuelekea Mto Malagarasi na hatimaye Ziwa Tanganyika, ambako dagaa na migebuka huvuliwa.

Hapo ndipo hoja ya kuweka kihisio katika kila nyumba inapopungukiwa na nguvu. Nyumba ya mkulima yenye shimo na migomba haihitaji kuambiwa na chombo kwamba shimo limejaa. Mama wa nyumba analiona kila asubuhi. Na nyumba ya mpangaji mjini, ikiwa na kihisio, itatuma ujumbe kwa nani? Magari ya taka ni machache, barabara za mitaani huteleza wakati wa masika, na hakuna halmashauri inayoweza kupeleka gari kwenye pipa moja la nyumba moja kwa sababu limejaa leo, wakati la jirani litajaa kesho kutwa.

Yafaa tujue vyombo hivi viliingia kwa wenzetu kutibu ugonjwa gani. Mji wa Philadelphia, huko Marekani, mwaka 2009 uliweka mamia ya mapipa ya barabarani yenye vihisio na mashine za kushindilia taka kwa nguvu ya jua, ukatangaza kwamba safari za kuyamwaga zingepungua kutoka 17 hadi 5 kwa wiki. Tazama hesabu hiyo vizuri. Wao walikuwa na safari nyingi mno, magari yakiyafikia mapipa ambayo hayajajaa, na kihisio kilikuja kupunguza. Kwetu ugonjwa si wingi wa safari, bali ni uchache wake. Dawa ya mtu anayekula kupita kiasi haiwezi kumfaa mwenye njaa bila kubadilishwa kipimo.

Hata hivyo hatusemi kwamba chombo hiki hakina kazi kwetu. Kinayo, nayo ni kubwa, kikiwekwa mahali pake. Mahali hapo ni sokoni, stendi ya mabasi, hospitalini, katika shule za bweni, na kwenye vizimba ambako mikokoteni hukusanya taka za mtaa mzima. Gari likiwa moja na vizimba vikiwa kumi, dereva anayejua asubuhi ni vizimba vipi vitatu vimefurika ataokoa mafuta na ataokoa mtaa. Huko uchache wa gari ndio hasa unaoipa habari thamani yake. Nyumba za kupanga zenye familia nyingi na pipa moja la pamoja nazo zaweza kuingizwa katika daraja hili baadaye, jaribio likisha kufaulu.

Kwa upande wa visiwa, somo ni lile lile kwa sura nyingine. Unguja na Pemba hazina ardhi ya kuchezea. Shimo linalochimbwa ovyo hapa huweza kugusa maji ya kisima cha jirani, maana miamba yetu ya matumbawe hupitisha maji upesi. Mwaka 1978 kipindupindu kiliingia visiwani kwa mara ya kwanza kikaua watu, na kimerudi mara kadhaa tangu hapo, ukiwamo ule mlipuko ulioanza mwaka 2015 Bara na Visiwani. Mwaka huo huo, mwezi wa Mei, kipindupindu kiliwaua watu wapatao 30, wengi wao wakimbizi waliorundikana Kagunga na sehemu nyingine za Kigoma. Hatudai kwamba maradhi hayo huzaliwa na pipa la taka. Chanzo chake kikubwa ni maji na chakula vilivyochafuliwa na kinyesi. Lakini mtaro ulioziba kwa taka ndio unaofurisha maji machafu hadi mlangoni, na nzi wa jaani ndiye yule yule wa mezani.

Visiwa vimekwisha kuonyesha kwamba huweza kutangulia. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006. Tanzania Bara ilifanya hivyo tarehe 1 Juni 2019. Tunalisema hili kuwakumbusha watendaji wetu kwamba uamuzi mgumu wa usafi unawezekana, na kwamba uliwezekana bila chombo chochote cha kompyuta.

Lipo jambo jingine ambalo mkazi wa pwani analijua kuliko fundi. Pipa nusu lenye matumbo ya samaki haliwezi kungoja lijae. Katika joto letu, siku mbili zatosha kumfukuza mteja sokoni. Pipa lililojaa makuti na maboksi laweza kungoja wiki nzima bila kumdhuru mtu. Kwa hiyo kihisio kinachopima ujazo peke yake hupima nusu tu ya ukweli. Chombo kitakachotengenezwa kwa ajili ya masoko ya samaki kihesabu pia siku tangu pipa lilipomwagwa, na kitume ujumbe kwa lolote litakalotangulia, ujazo au siku. Jambo hilo haliongezi kipande hata kimoja. Huongeza mistari michache tu katika programu yake. Lakini fundi hataliandika kama hakumwuliza mwuza samaki.

Kasoro nyingine ziko wazi kwa yeyote atakayefanya majaribio. Jani la mgomba lililosimama wima ndani ya pipa hurudisha mwangwi mapema, na pipa tupu likaripotiwa limejaa. Nguo na sponji humeza mlio, na pipa lililojaa likaonekana tupu. Dawa yake ni kupima mara kadhaa na kuchukua kipimo cha katikati, kisha kungoja saa inayofuata kuthibitisha. Kihisio cha bei nafuu kabisa hakivumilii maji. Kile kilichokingwa na maji huwa hakioni kitu kilicho karibu nacho kuliko sentimita 20 hivi, kwa hiyo hakina budi kuinuliwa juu ya mdomo wa pipa. Asubuhi za baridi za Kasulu umande utatanda juu yake, na wadudu watapenda kujenga ndani ya boksi. Mabadiliko ya joto, ambayo wengine huyaogopa, hayana uzito: kati ya nyuzi 15 na nyuzi 30, kosa lake halizidi sentimita tatu kwa mita moja.

Hatari iliyo kubwa kuliko hizo ni moto. Katika miji yetu mingi gari lisipofika watu huyachoma majaa, na chombo cha plastiki chenye betri ya lithiamu kikiwa ndani ya moto huo kitakuwa balaa jingine. Tunaona hapa jinsi mambo yanavyofungamana. Gari likichelewa, jaa huchomwa. Jaa likichomwa, kihisio huungua. Kihisio kikiungua, ofisi haipati habari, na kwa kutopata habari huamini kwamba hali ni njema. Aidha, betri zilizochoka zisitupwe katika pipa lile lile zilikokuwa zikililinda. Halmashauri itakayogawa betri mpya ipokee kwanza ya zamani.

Tunarudi kwenye swali la kuitika, ambalo kwetu ndilo kiini. Wenye umri watakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 huko Bara. Redio ilipeleka masomo ya afya hadi vijijini, na watu wapatao milioni mbili wakakusanyika katika vikundi kusikiliza, kujadiliana na kisha kufanya. Vyoo vingi vilichimbwa, vichaka karibu na nyumba vikafyekwa, maji yakachemshwa. Redio yenyewe haikuchimba choo hata kimoja. Ilifaulu kwa sababu katika kila kikundi alikuwapo kiongozi aliyefunzwa, na baada ya kila kipindi kulikuwa na kazi iliyojulikana ya kutekelezwa. Lau redio zingegawiwa bila vikundi, zingebaki za kusikilizia muziki.

Kihisio nacho ni redio ya namna yake, isipokuwa safari hii mwananchi ndiye anayesema na ofisi ndiyo inayosikiliza. Ujumbe ukitoka sokoni Kibondo saa mbili asubuhi, na gari lisifike mpaka siku ya tatu, kutakuwa na ushahidi wa maandishi wenye tarehe na saa. Hatutashangaa wakitokea watendaji wasioupenda ushahidi wa namna hiyo. Leo mwananchi akilalamika, huambiwa gari lilipita. Kesho tarakimu zitasema kama lilipita au halikupita. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo faida kubwa ya chombo hiki, kuliko hata mafuta yatakayookolewa. Na ndiyo sababu tunaonya: ofisi isiyokusudia kuitika isikinunue, maana itakuwa imenunua shahidi dhidi yake yenyewe, kisha itatafuta njia ya kumnyamazisha kwa kuacha betri ife.

Sheria haikosi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezipa serikali za mitaa za Bara wajibu wa kusimamia taka ngumu, na Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2015. Wajibu huo haukuanzishwa na kihisio, na hautahamia kwake.

Lipo pia suala la siri ya nyumba, ambalo halijafikiriwa vya kutosha na wale wanaotaka kila familia ifungiwe chombo. Pipa ambalo halijapanda kwa siku tano linatangaza kwamba wenyewe wamesafiri. Pipa lililojaa mara mbili kuliko kawaida linasema kuna wageni au kuna shughuli. Habari hizo zikipita katika simu za watu wasiohusika, mwizi hatahitaji kuchungulia dirishani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022, na watendaji wanapaswa kuisoma kabla ya kuagiza chombo kimoja cha nyumbani. Hii ni sababu nyingine ya kuanza na vizimba vya umma, ambavyo havina siri ya mtu.

Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo kwa halmashauri za Kasulu na Kibondo, na kwa mabaraza ya miji na manispaa ya visiwani.

Kwanza, lifanyike jaribio dogo, vihisio visizidi kumi kwa kila mji, katika masoko, stendi na vizimba, na lidumu msimu mzima wa mvua. Chombo kilichojaribiwa mwezi wa Julai wakati wa kiangazi hakijajaribiwa.

Pili, vihisio vitengenezwe nchini. Vyuo vya ufundi stadi, vyuo vya maendeleo ya wananchi ambavyo vilianza kuanzishwa mwaka 1975, na Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia hapa Zanzibar vipewe kazi hiyo kwa malipo halali. Michoro na programu ziwe mali ya halmashauri, ili chombo kikiharibika Kibondo kitengenezwe Kibondo. Tusifungwe na mkataba wa kampuni ambayo siku ikifilisika vyombo vyote huwa bubu. Na kwa kuwa vyombo hivyo hutumia mawimbi ya simu, taratibu za Mamlaka ya Mawasiliano zifuatwe tangu mwanzo.

Tatu, kila ujumbe uende kwa watu wawili: msimamizi wa magari ya taka, na mwenyekiti wa mtaa au kitongoji, kwa visiwani, sheha. Akipata mmoja tu, atadai hakuupata.

Nne, liwepo daftari lenye safu mbili, saa ya ujumbe na saa ya gari kufika, na mwisho wa kila mwezi nakala yake ibandikwe ubaoni pale ofisi ya kata au ya sheha, wananchi waisome. Bila daftari hilo, kihisio hakitamsaidia mwananchi kudai haki yake.

Tano, katika makadirio ya fedha, mafuta na matairi ya gari yatangulie, kisha mishahara na mabuti ya wazoa taka, ndipo vihisio vifuate. Mzoa taka anayetumbukiza mkono mtupu katika jaa hana sababu ya kufurahi akisikia kwamba pipa limenunuliwa kompyuta na yeye hakununuliwa glavu.

Kwa wananchi nao tunalo neno. Mkulima wa Kasulu ambaye bado ana mgomba na shimo asiuache utaratibu wake kwa kudhani kwamba pipa ndiyo dalili ya ustaarabu. Taka zinazooza zikirudi shambani, gari la halmashauri litabaki na mzigo wa plastiki na chupa tu, na mzigo huo ni mdogo. Mkazi wa mjini, Kibondo kama Unguja, atenge taka za kuoza na zisizooza kabla hazijafika kizimbani. Na yeyote atakayeona chombo kidogo chini ya kifuniko cha pipa asikivunje kwa tamaa ya laini ya simu iliyomo. Ni mali yake mwenyewe, kimewekwa pale kumsemea.

Halmashauri zina muda wa kujiandaa kabla ya mvua. Zianze na orodha ya vizimba, idadi ya magari yanayotembea, na cheo cha mtumishi atakayepokea ujumbe wa kwanza. Orodha hiyo ikikamilika, vijana wetu waitwe waje na vyombo vyao. Isipokamilika, fedha hizo zinunue mafuta.